Nta Barabarani

Mume wangu ni Mzaramo. Nalisema mapema ili msije mkaniuliza baadaye kwa nini nyumba yetu ilikuwa na kelele. Mimi ni Mwanahawa, Mnyamwezi, mshonaji, nimezaliwa Isevya hapa hapa Tabora na sina mpango wa kuhama. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wakipita kwao na mizigo kwenda Bagamoyo, wakagombana weee, mwisho wakachoka, wakaona bora watukanane kwa heshima. Sasa chukua watani wawili uwaweke chini ya bati moja. Kwetu hakuna habari ya "umeamkaje." Nikifumbua macho namwambia, "Amka, mla nazi, jua limekushinda." Naye hata mwayo hajapiga, anajibu, "Nipishe, mpagazi, mzigo wako uko mlangoni."

Tulianza hivyo hivyo. Kondo alikuwa dereva wa lori, anapandisha saruji na chumvi kutoka Dar, na safari moja turubai lake likachanika, wakamwelekeza kwangu. Nilikuwa nimekaa na sindano kubwa, napitisha uzi kwenye nta ya nyuki ili usikatike. Akasimama mlangoni akanitazama. "Zamani babu zenu walituletea mizigo kichwani," akasema. "Leo mimi Mzaramo ndiye nawabebea ninyi chumvi. Dunia imeharibika."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Haijaharibika. Imegundua nani mwenye akili."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye turubai lenyewe. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri, lakini lori halikuondoka siku ile, wala kesho yake.

Basi huyo ndiye mtu aliyepigwa na kiharusi mwaka jana, Ramadhani ikikaribia, akiwa anatawadha. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na ulimi ukamgomea. Daktari akaniambia, "Maneno yapo, mama. Yamekwama tu. Mzungumzishe. Ila na yeye mwenyewe lazima atake." Mwanzoni alitaka. Wakaja wageni kumjulia hali, akajaribu kuwakaribisha, maneno yakatoka yamepinda, na wale wageni wakainamisha macho wakawa wanatazama sakafu. Walimwonea huruma, Mungu awasamehe. Tangu siku hiyo Kondo akafunga mdomo. Akilazimika sana atasema "ndiyo" au "sitaki," basi.

Na hapa lazima niwaeleze jambo, maana si kila mtu ana watani. Mtu akifa, mtani wake ana kazi msibani. Anaingia pale pale kwenye kilio na kumsema maiti: "Inuka, mvivu wewe, watu wanakungoja, umezidi kulala!" Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Maiti hajibu. Basi mimi kila asubuhi nilikuwa namwambia mume wangu, "Amka, mla nazi," na yeye anageuza uso ukutani. Nilijiona kama niko msibani kwake na yeye bado anakunywa uji. Mkono na mguu nilimwachia Mungu. Mimi nilitaka jibu langu.

Siku moja tunatoka kwenye mazoezi ya hospitali, tuko ndani ya bajaji, dereva akapunguza mwendo mbele ya turubai la Ng'washi. Ng'washi ni binti wa Kisukuma anayeshusha mitumba kutoka Mwanza kwa treni, na siku hiyo alikuwa amefungua robota la vitu vya watoto: midoli isiyo na macho, baiskeli zisizo na minyororo. Juu kabisa kulikuwa na boksi refu lenye picha ya magari mawili yanafukuzana kwenye kona. Shingo ya Kondo ikageuka. Bajaji inasogea, na yeye shingo inalifuata lile boksi.

"Simamisha!" nikamwambia dereva. Alifunga breki mpaka nikagonga kiti chake, nikamtukana baadaye.

"Shikamoo, shangazi," Ng'washi akanipokea.

"Marahaba. Hiki nini?"

"Magari ya mashindano, shangazi. Yana barabara yake, yanakwenda kwa umeme."

"Yanakwenda?"

"Kwenye picha yanakwenda," akasema, na wala hakucheka.

Nilimpenda kwa ukweli wake. Nikalichukua.

Nyumbani nikamweka Kondo kwenye kiti chake, nikatandika mkeka, nikamwaga kila kitu. Hakukuwa na karatasi ya maelekezo. Kulikuwa na vipande vyeusi vya plastiki, vingine vimenyooka na vingine vimepinda, kila kimoja kina mifereji miwili, na kila mfereji umelaliwa huku na huku na vyuma vyembamba kama utepe. Kulikuwa na gari jekundu na gari la buluu, kila moja linajaa kiganjani. Rimoti zilikuwa mbili, zenye waya, na badala ya vitufe zina kifyatulio cha kubana kwa kidole. Na kisanduku kizito cha kuchomeka ukutani.

Mimi siwezi kupata usingizi na kitu nisichokielewa kiko ndani ya nyumba yangu. Nikalipindua lile jekundu. Chini ya pua lina ulimi mdogo wa plastiki, na kandokando ya ulimi kuna vifagio viwili vya nyuzi za shaba. Hee! Gari na fagio, wapi na wapi? Nikaliweka kwenye kipande cha barabara, ule ulimi ukazama ndani ya mfereji, na vile vifagio vikakaa juu ya vyuma, kimoja huku, kimoja huku. Nikapiga kofi.

"Kondo, umeona? Ulimi ni wa kufuata njia, fagio ni za kulamba umeme. Gari linakwenda huku linalamba barabara, kama wewe na mchuzi wa nazi!"

Hakujibu. Lakini macho yalikuwa kwenye gari, hayakuwa ukutani.

Vyuma vya barabara vilikuwa vimekula kutu. Nikatafuta msasa, nikasugua kipande kimoja baada ya kingine mpaka vikang'aa kama sufuria ya sikukuu. Halafu nikavipaka nta. Kwetu chuma kilichosuguliwa hakiachwi uchi. Kaka yangu yuko Sikonge na mizinga yake, kila msimu ananiletea asali na donge la nta, na nta hiyo inapita kwenye mkasi, kwenye jembe, kwenye pasi, kwenye sindano za turubai, hata kwenye zipu. Marehemu mama alikuwa akisema kutu ni mgeni asiyebisha hodi. Na mvua zilikuwa zimeshaanza. Nikapaka kila chuma, nikasugua kwa kitambaa mpaka nta yenyewe haionekani, umebaki mng'aro tu na harufu nzuri.

Nyuma yangu Kondo akapiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima. "Mm! Mm!"

"Nini? Harufu? Leo nta inakunukia vibaya? Mbona ndiyo iliyokushikisha hapa Tabora ukasahau njia ya kwenu Maneromango?"

"Mm!"

"Haya, nimesikia, nitafungua dirisha."

Nikafungua dirisha. Akafumba macho kama mtu anayeomba subira.

Nikaunganisha vipande. Kimoja kilikosekana, kwa hiyo ile barabara haikutoka kama kwenye picha, ilitoka kama yai lililokanyagwa, inapita chini ya meza, inazunguka miguu ya Kondo na kurudi kwenye cherehani. Kile kisanduku kilikuwa na pini mbili za mviringo za ng'ambo, nikakiingiza ukutani kwa kusukuma kitundu cha juu na kifuniko cha kalamu, kama tunavyofanya wote. Nikaweka gari jekundu. Bismillahi. Nikabana.

Kimya.

Nikabadilisha gari. Kimya. Nikabadilisha rimoti, nikabadilisha mfereji, nikachomoa nikachomeka. Nikalisema lile gari maneno ambayo siwezi kuyarudia, na lenyewe likakaa tu na taa zake za kuchorwa.

Nikamwita Awadhi. Huyu ni jirani yetu, fundi simu, kijana wa Kiarabu ambaye babu wa babu yake alikuja na msafara akasema anapumzika siku mbili tu. Ana adabu sana, na amesomea mambo ya umeme chuoni. Akaingia na begi lake. "Shikamoo, Bi Mwana. Mzee Kondo, shikamoo." Kondo akainua mkono wa kushoto.

Awadhi alikuwa na mita, kile kidude chenye nambari na waya mbili zenye sindano, nyekundu na nyeusi. Mimi nikachuchumaa karibu yake, nataka kujua kila kitu.

"Hiyo inafanya nini?"

"Inauliza kama umeme upo, Bi Mwana."

"Basi iulize kisanduku."

Ikauliza kisanduku: umeme upo. Ikauliza rimoti: moja nzima, nyingine imekatika waya ndani, mahali pale inapokunjwa. Awadhi akaifungua, akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, nikamshikia tochi ya simu. Ikauliza barabara. Akachoma sindano moja chuma hiki, nyingine chuma kile, nambari ikaja. Kipande cha pili, nambari. Akatambaa na mkeka mzima hadi chini ya meza, kila kipande nambari ikaja.

"Barabara haina tatizo," akasema. "Itakuwa magari."

Akayafungua magari. Kwenye ekseli ya lile la buluu zilikuwa zimejiviringisha nywele. Akazivuta polepole kwa kibanio, ndefu, za njano. Nikazipokea kiganjani nikazitazama. Mtoto huyu mwenye nywele hizi ni nani? Alilala kifudifudi kwenye zulia gani huko kwao, gari likamnasa kichwani akalia? Sasa pengine ni mtu mzima ana watoto wake, na hana habari hata kidogo kwamba gari lake liko Isevya linatibiwa. Nilimwonyesha Kondo. Akaziangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Awadhi akatoa betri ya saa ya ukutani, akaunga waya mbili, akagusisha kwenye vile vifagio. Magurudumu yakazunguka vrrrr! Nikapiga kigelegele. La jekundu nalo vrrrr! Kondo akaegemea mbele kwenye kiti.

"Haya, yarudishe!"

Tukayarudisha barabarani. Nikabana rimoti mpaka kidole kikauma. Kimya kile kile.

Jamani! Gari zima, barabara nzima, safari hakuna. Awadhi akakuna kichwa. Akapima tena, nambari zikaja tena. "Haiwezekani, Bi Mwana," akasema.

"Usiniambie haiwezekani, na kitu chenyewe kiko mbele yako kinatucheka."

"Mm!" Kondo akasema. Anaonyesha kwa kidole chini, kwenye barabara. Halafu ananionyesha mimi. Barabara. Mimi. "Mm! Mm!"

"Anataka chai," nikamwambia Awadhi.

Nikamletea chai, nikamtilia asali. Akaitazama ile asali, akanitazama mimi, akasema "Sitaki" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Ilikuwa na hasira. Awadhi akaaga, akasema atakwenda kufikiri.

Asubuhi nikamwambia, kama kawaida, "Amka, mla nazi." Nikangoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alikuwa ameshaamka zamani, kichwa kimeinuliwa kwenye mto, anachungulia mlangoni kule sebuleni kwenye mkeka. Jibu sikupata, lakini na ukuta sikupata. Nilimpikia uji, nikatia chumvi mara mbili.

Nikarudi kwenye lile yai langu lililokanyagwa. Sikuwa na nguo za watu za haraka siku hiyo, na zile zilizokuwepo zingengoja. Nikaweka gari jekundu, nikabana rimoti kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine, kwa hasira tu, nikaligandamiza lile gari chini nikalisugua.

Likaruka!

Liliruka kiasi cha shubiri moja, likasimama. Nikaligandamiza tena, nikalisukasuka. Likaruka tena, likasimama.

"Umeona?" nikamwambia Kondo. "Linataka uzito! Ni jepesi mno. Hata cherehani, mguu wake wa chuma usipobana kitambaa, mshono hausogei."

Nikalifungia bobini za chuma mgongoni kwa uzi, zile za cherehani yangu. Halikusogea. Nikaongeza. Likawa kama punda wa msafara, limeelemewa, na halisogei vile vile. Sasa hilo ndilo lililonichanganya. Uzito limepata, umeme linao, barabara ni nzima. Kwa nini likisuguliwa liende, likibanwa tu lisiende? Nikalala kifudifudi mkekani, shavu sakafuni, kama yule mtoto mwenye nywele za njano, nikatazama pale vifagio vinapokutana na chuma. Sikuona kitu. Chuma kinang'aa, kisafi, kizuri. Nikafikiri, nikafikiri, mwisho nikapata jibu la Kinyamwezi kabisa: linakwama. Vyuma bado vina kutu ndogo ndogo isiyoonekana, ndiyo inayovikwaza hivi vifagio, na dawa ya chuma kinachokwama ni moja.

Nikaenda kabatini nikaleta donge la nta.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeligusisha kwenye chuma, nikasikia kiti kinalia nyuma yangu. Nageuka, Kondo anateremka. Mtume! Mtu ambaye hospitali wanambembeleza watu wawili ndiyo asimame, anateremka mwenyewe, anaporomoka na fimbo yake ya kutembelea inaanguka huko, mpaka akafika mkekani kwa makalio, puu!

"Kondo! Utavunjika, mzee wangu!"

Hakunisikiliza. Akaninyang'anya nta akaitupa chini ya meza. Akavuta kipande kimoja cha barabara, akakiweka pajani. Kikateleza. Basi akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ule mkono ambao alikuwa hataki hata kuutazama, akaubwaga juu ya kile kipande ukalala pale kama jiwe, ukakishikilia kisitoroke. Halafu kwa ukucha wa dole gumba la kushoto akaanza kukwangua chuma. Taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, anahema. Akainua lile dole gumba akaniletea mpaka puani.

Chini ya ukucha kulikuwa na kijiuzi cheupe kimejikunja. Nikanusa. Asali.

Kumbe umeme ulikuwepo chini na vifagio viko juu, na katikati nimeweka shuka ya nta, kwa mikono yangu, kwa mapenzi yote. Na huyu bwana alijua. Alijua tangu jana nilipokuwa napaka. Maisha yake yote alikuwa akikwangua vichwa vya betri za lori kwa kisu porini huko, angekosaje kujua? Alikuwa amekaa pale anatazama ujinga wangu siku nzima, anaonyesha kwa kidole, na mimi namletea chai.

Tukasafisha pamoja. Mimi na kitambaa cha mafuta ya taa, yeye na ukucha wake, anakagua nyuma yangu kila kipande, na nikiacha alama anasema "Mm" ananirudishia. Mkono wa kulia ulikuwa ukifanya kazi yake ya jiwe. Sikuusema, niliogopa nikiusema atautoa.

Awadhi akatukuta mkekani. Nikamweleza kwa ufupi, maana hadithi ile haikuwa na faida kwangu. Akajipiga paji la uso. "Sindano za mita zimechongoka, Bi Mwana! Zinatoboa nta, zinafika kwenye chuma. Kifagio laini hakiwezi kutoboa. Ndiyo maana mimi napata umeme, gari halipati." Akafurahi sana kwa kuelewa, akakaa chini na viatu vyake.

Nikaunganisha. Nikafuta na vile vifagio, nikafungua bobini. Nikaweka gari jekundu. Nikabana.

Lo! Lilitoka kama mwizi. Likapita cherehani, likafika kwenye kona ya kwanza, likaacha barabara, likaenda kugonga ndoo ya maji. Nikapiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikalirudisha, nikabana, ndoo tena. Kondo akanyoosha mkono wa kushoto, vidole vinaita: lete. Nikampa ile rimoti nyingine, Awadhi akamwekea gari la buluu.

Dereva ni dereva. Alibana kidogo, akaachia kabla ya kona, akabana tena kona ikiisha, na lile gari likazunguka miguu yake likarudi kwake kwa adabu, kama linajua nyumbani. Mimi nikabana kwa nguvu zote nimfukuze. Ndoo. Nikaweka tena. Ndoo. La buluu likanipita nikiwa nimeinama naokota, likanipita tena nikiwa naweka, na mabega ya Kondo yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, cheko la upande mmoja wa uso, halina sauti.

Halafu akaachia kifyatulio. Gari likasimama mbele ya goti langu. Akanitazama, na midomo yake ikaanza kuhangaika.

"M... mpa..."

Awadhi kwa wema wake akataka kumsaidia. "Mpatie nini, mzee? Mpatie maji?"

"Nyamaza, Awadhi," nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu nyamaza kwa upole vile.

Tukangoja. Sikuinamisha macho. Nilimtazama mdomoni, nikaona neno linakuja, linakwama, linarudi nyuma, linajaribu njia nyingine. Jasho likamtoka. Daktari alisema lazima mwenyewe atake, na mimi nilikuwa nimempa uji, dawa, dua, maneno matamu, asitake. Kumbe nilikuwa namnyima kitu kimoja ambacho mtani hawezi kukiona akakiacha kipite: ujinga wangu mwenyewe.

"Mpa-gazi," akasema. Akavuta pumzi. "Mpagazi gani... anapaka... njia... nta?"

Lilitoka limepinda, herufi zimepandiana mabegani, lakini lilitoka zima. Awadhi akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa adabu, akashindwa, akatoka nje kwenda kucheka huko. Mimi nilikuwa na la kumjibu. Wallahi nilikuwa nalo, lilikuwa zuri, lilikuwa na nazi ndani yake na shangazi yake wa Maneromango. Nikafungua mdomo, yakatangulia machozi.

Kondo akangoja. Aliweka kidole chake tayari kwenye rimoti, akaangalia gari, akanitazama mimi, akaona bado nimekaa na mdomo wazi.

"Ji-bu," akasema.

Nikamwomba anisubiri kidogo nifute uso, maana kwetu Mnyamwezi hamjibu Mzaramo huku analia.